Mama Aliyezikwa Ugenini

Afapo mama mzee katika ukoo, mtu aliyewalea watoto na wajukuu na kuwa kama nguzo ya kati ya nyumba, mambo mawili huwashughulisha watu upesi kuliko mengine. La kwanza ni hili, azikwe wapi. Na la pili, yanenwe nini juu yake. Katika lile la kwanza ndugu huweza kugombana hata maiti haijatoka ndani. Katika la pili hawagombani, bali hupatana upesi mno: wote husema ya kuwa alikuwa mwema, hakukosana na mtu, wala hakuwa na doa. Basi miaka michache ikiisha kupita, wajukuu hawana la kukumbuka, kwa kuwa mtu asiye na doa hafanani na mtu yeyote waliyemjua.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mama mmoja wa Afrika ambaye mambo hayo mawili yalimpata yote, tena kwa namna isiyo ya kawaida. Alizikwa mbali na kwao, na yaliyonenwa juu yake yalikuwa ya kweli. Jina lake ni Monika. Katika nchi zetu jina hili si geni. Wako wasichana wengi walioitwa hivyo siku ya ubatizo wao, lakini wengi hawajui zaidi ya kwamba mtakatifu huyo alimlilia mwanawe. Kulia alilia, lakini hakuwa mtu wa kulia tu.

Alizaliwa yapata mwaka 331 au 332 katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Siku zile pande zote za kaskazini ya Afrika zilikuwa chini ya dola ya Roma. Watu wa mijini walisema Kilatini, lakini mashambani lugha za kale zilikuwa hai bado. Na wataalamu wengi huona ya kuwa jina la Monika lenyewe ni la Waberberi, wenyeji wa nchi ile tangu zamani. Twajua habari zake kwa sababu ya mwanawe Augustino, ambaye alikuwa Askofu wa Hippo, bandari iitwayo sasa Annaba. Yapata mwaka 397, miaka kumi baada ya kifo cha mama yake, Augustino alianza kuandika kitabu chake kiitwacho Maungamo, na ndani yake akamweka mama yake, kama mtu awekavyo kitu cha thamani sandukuni.

Aliyemwongoza Monika utotoni alikuwa hasa mjakazi mmoja mzee sana. Mjakazi huyo alikuwa amembeba mgongoni baba yake Monika alipokuwa mtoto mchanga, kama wasichana wakubwa wabebavyo wadogo zao hata leo. Kwa ajili ya umri wake na mwenendo wake mwema wenye nyumba walimheshimu, wakampa kazi ya kuwaangalia binti zao. Alikuwa mkali. Hakuwaruhusu kunywa hata maji ila wakati wa chakula, ijapokuwa wameona kiu. Akawaeleza ya kuwa sasa wanywa maji kwa sababu divai haimo mikononi mwao. Lakini watakapoolewa na kushika funguo za ghala, maji hawatayataka tena, na tabia ya kunywanywa itakuwa imekwisha kukaa. Twasema sisi, udongo upate uli maji. Yule bibi mzee aliijua maana yake.

Hata hivyo mtoto ni mtoto. Wazee walipomtuma Monika kuteka divai katika pipa, alianza kuigusa kwa ncha ya midomo kabla ya kuimimina katika chupa. Hakuifanya kwa kupenda ulevi, bali kwa mchezo wa kitoto. Lakini siku kwa siku aliongeza kidogo, hata akawa akinywa vikombe karibu kujaa. Yule mlezi mzee, pamoja na ukali wake wote, hakujua. Aliyemponya ni mjakazi mwingine, kijana, aliyezoea kwenda naye ghalani. Siku moja waligombana wawili peke yao, na yule mjakazi, kwa hasira na kwa kutaka kumwumiza, akamtukana kwa kumwita mlevi. Neno lile lilimchoma Monika. Akajitazama, akaona ubaya wa jambo lile, akaliacha palepale wala hakulirudia.

Habari hii Monika mwenyewe alimsimulia mwanawe. Fikirini, wasomaji: mama mwenye heshima anamweleza mtoto wake aibu ya utoto wake, na mtoto anaiandika katika kitabu alichokusudia kisomwe na watu wote. Wengi wetu tungaliificha. Lakini kwa ajili ya kikombe kile cha divai twamwona msichana aliye hai, mwenye damu na udadisi, ambaye baadaye alikuwa na kiasi kwa kuwa alijua alikotoka.

Alipofika umri wa kuolewa alipewa mume aitwaye Patricius. Bwana huyu alikuwa mmoja wa madiwani wa mji, mwenye cheo lakini si mwenye mali nyingi. Hakuwa Mkristo bado. Alikuwa mtu mwenye moyo wa upendo, lakini hasira yake ilikuwa kali, wala hakuwa mwaminifu katika ndoa. Monika alijizoeza kutomjibu wakati wa hasira, si kwa tendo wala kwa neno. Alingoja mpaka moto upoe, ndipo akamweleza mambo yalivyokuwa. Wanawake wenzake, ambao waume zao walikuwa wapole kuliko Patricius, walikuja barazani wakiwa na alama za mapigo nyusoni, wakastaajabu kwa kuwa haikupata kusikiwa ya kwamba Patricius amempiga mkewe hata siku moja. Monika aliwashauri wakumbuke ya kuwa siku ile waliposomewa hati ya ndoa walifanywa kuwa watumishi, basi wasishindane na bwana zao.

Hapa yatupasa kusema wazi. Shauri lile lilikuwa la zamani zake, wala sisi hatuliwekei sheria nyumba za leo. Mume apigaye hana haki ya kungojewa mpaka apoe. Lakini tusimdhanie Monika kuwa mwoga. Silaha aliyokuwa nayo ilikuwa ni hiyo moja, akaitumia kwa akili kuliko wote waliomzunguka. Mwisho wake Patricius aliingia katika imani, akafa Mkristo yapata mwaka 371, na katika siku zile za mwisho mkewe hakuwa na la kulalamikia ambalo alikuwa amelivumilia hapo kwanza.

Mavyaa wake naye alikuwa na shida yake. Wajakazi walimpelekea maneno ya uchongezi, akamchukia mke wa mwanawe. Monika aliendelea kumhudumia kwa upole, hata yule mama mwenyewe akamwendea mwanawe na kuwataja wale waliokuwa wakitia fitina. Patricius aliwapiga mijeledi, na tangu hapo wakaishi kwa amani. Augustino asimulia mijeledi ile pasipo kusita, kwa kuwa ndivyo nyumba za watumwa zilivyokuwa; sisi twasoma na kuona ya kwamba hata amani ya nyumba njema ilikuwa na gharama yake, na walioilipa ni wale wasio na sauti.

Lakini katika mambo yote ya tabia yake, moja twalipenda zaidi. Watu wawili walipokosana, kila mmoja alimjia Monika na kumwaga uchungu wake juu ya mwenziwe. Aliwasikiliza wote wawili, wala hakupeleka upande wa pili ila lile neno liwezalo kuwapatanisha. Augustino asema ya kuwa zamani aliliona jambo hili kuwa dogo, mpaka alipojionea jinsi watu walivyo wengi ambao hupeleka maneno ya hasira, na kuyaongeza yasiyosemwa. Ulimi hauna mfupa. Kijiji chenye mwanamke mmoja wa namna hii kina hazina.

Monika alizaa watoto ambao watatu wao twawajua: Augustino, aliyezaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354, Navigius, na binti mmoja ambaye baadaye, alipokuwa mjane, alikuwa mkuu wa nyumba ya watawa wanawake huko Hippo. Augustino alikuwa na akili nyingi, na baba yake alijinyima ili ampeleke Karthago, mji mkubwa wa Afrika wakati ule, akasome ufasaha. Alipokufa Patricius, mama aliendelea kumlipia.

Kijana alianza kupotea mapema. Mama yake alimwonya juu ya zinaa, naye akayadharau maonyo hayo kuwa ni maneno ya kike. Lakini Augustino haachi kusema ya kuwa mama naye alikosa. Angaliweza kumwoza mapema, asimwoze, kwa kuwa aliogopa mke asije akazuia masomo na cheo ambacho wazazi wote wawili walikitumainia. Mzazi gani wa leo, aliye na mtoto mwenye akili shuleni, asiyeijua hofu hiyo?

Huko Karthago Augustino alikaa na mwanamke mmoja pasipo ndoa, akazaa naye mwana aitwaye Adeodatus, maana yake Aliyetolewa na Mungu. Kisha akajiunga na Wamani, wafuasi wa mtu mmoja wa Uajemi aitwaye Mani, ambao walifundisha ya kuwa ulimwengu ni vita vya nuru na giza, na ya kuwa mwili ni kazi ya giza. Alipokuja nyumbani na mafundisho hayo, Monika alikataa kukaa naye nyumba moja wala kula naye meza moja. Ndipo alipoota ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao wa kupimia, na kijana mmoja mwenye kung'aa akamwuliza sababu ya huzuni yake, kisha akamwagiza atazame. Alipotazama alimwona mwanawe amesimama juu ya ubao uleule. Alipomsimulia Augustino, huyu, kwa ufundi wake wa maneno, akasema ya kuwa maana ya ndoto ni kwamba mama atakuja kuwa kama yeye. Mama akamjibu papo hapo ya kuwa sivyo. Hakuambiwa ya kuwa mahali alipo mwana atakuwapo mama, bali mahali alipo mama atakuwapo mwana. Mwalimu wa ufasaha akakosa la kusema. Monika akampokea tena mezani pake.

Alimwendea pia askofu mmoja amwombe aseme na mwanawe. Askofu huyo alikataa, kwa kuwa yeye mwenyewe alilelewa na Wamani tangu utoto na aliutambua ugonjwa ule: kijana angali amejaa kiburi cha mambo mapya, hatasikia, aombewe tu, na kwa kusoma kwake mwenyewe ataona kosa lake. Monika hakuondoka. Alizidi kusihi na kulia, hata askofu akachoka, akamfukuza kwa upole akimwambia ya kuwa haiwezekani mwana wa machozi kama yale kupotea. Mama akaondoka amelishika neno lile kama limetoka mbinguni.

Mwaka 383 Augustino alitaka kwenda Roma kutafuta wanafunzi wenye adabu zaidi. Mama alimfuata mpaka ufuoni akamshika, ama arudi naye, ama wasafiri pamoja. Mwana akamdanganya. Alisema ya kuwa yuko rafiki yake angojaye upepo, naye hawezi kumwacha. Akamshawishi mama alale usiku ule katika kanisa dogo la ukumbusho wa shahidi Sipriani, karibu na jahazi. Usiku, Monika alipokuwa akiomba mwanawe asisafiri, upepo ulivuma, matanga yakajaa, na pwani ikatoweka machoni pa mwenye kukimbia. Asubuhi mama alisimama ufuoni akilia kwa sauti. Augustino, aliyeandika habari hii akiwa askofu, hakujitafutia udhuru: alimdanganya mama yake, na mama wa namna ile.

Yapata miaka miwili baadaye Monika alimfuata, kwa nchi kavu na kwa bahari. Kukawa na dhoruba njiani. Na mabaharia, ambao desturi yao ni kuwatuliza abiria, walitulizwa na abiria huyu mjane. Alimkuta mwanawe Milano, ambako alikuwa mwalimu wa ufasaha, ameachana na Wamani lakini hajashika kitu kingine.

Huko ugenini alionyesha mara moja jinsi alivyokuwa. Kwao Afrika ilikuwa desturi kupeleka uji, mikate na divai makaburini pa mashahidi siku za ukumbusho wao. Monika alichukua kikapu chake kama alivyozoea. Bawabu akamzuia, akisema ya kuwa Askofu Ambrosi amekataza, kwa sababu walevi wameigeuza kuwa karamu, na kwa sababu yafanana mno na sadaka ambazo wapagani huwapelekea wazee wao waliokufa. Augustino alidhani mama yake hataiacha desturi ya nchi yake kwa urahisi. Lakini aliiacha siku ileile. Tangu hapo, mahali pa kikapu cha vyakula, alipeleka moyo wa sala, na alichokuwa nacho akawapa maskini. Mwaka 386 mama yake mfalme alipotaka kuwapa Waario kanisa moja la mji, na watu wakakesha ndani pamoja na askofu wao, tayari kufa, Monika alikuwa mbele katika mkesha ule.

Tungependa habari za Milano ziwe njema zote, lakini tukifanya hivyo tutavunja kanuni tuliyojiwekea mwanzo. Monika alifanya bidii kumtafutia mwanawe mke wa hali ya juu, na msichana akapatikana, ambaye umri wake ulikuwa bado yapata miaka miwili kufikia wa kuolewa. Basi yule mwanamke aliyekaa na Augustino zaidi ya miaka kumi na kumzalia mwana akaondolewa, kwa kuwa alikuwa kizuizi cha ndoa hiyo. Alirudi Afrika, akaweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine, akamwacha mtoto wake kwa baba. Augustino asema ya kuwa moyo wake ulijeruhiwa na kutoka damu. Ndoa ile haikufungwa kamwe. Jina la mwanamke yule halikuandikwa. Twamtaja hapa, ingawa hatuna jina la kumwitia, kwa sababu katika kila ukoo uliotunza kumbukumbu ya bibi mkubwa, yuko mwanamke mwingine aliyepita mlangoni akilia, na bibi yuleyule alikuwa ndani.

Mwezi wa Agosti mwaka 386, katika bustani huko Milano, Augustino aliacha maisha yake ya kwanza, akaingia ndani kumpasha mama yake habari. Machozi ya miaka mingi yakageuka furaha. Wakahamia shamba moja liitwalo Cassiciacum, wao na Adeodatus na Navigius na baadhi ya wanafunzi, wakapata miezi ya kuzungumza juu ya hekima na maisha ya heri. Monika aliangalia nyumba, lakini hakubaki jikoni. Siku moja aliingia walipokuwa wakizungumza, na mwanawe akaamuru swali lake liandikwe pamoja na maneno ya wengine. Monika akashangaa, akauliza kama katika vile vitabu wanavyovisoma wamepata kusikia wanawake wakiingizwa katika mazungumzo ya namna ile. Mwanawe akamjibu ya kuwa zamani walikuwako, na ya kuwa hekima yake yampendeza. Siku nyingine alisema neno juu ya heri, ya kuwa atakaye mema na kuyapata ana heri, lakini atakaye mabaya, hata akiyapata, ni maskini. Na Augustino akakiri ya kuwa mama yake ameikamata ngome yenyewe ya elimu ile. Wala elimu haikumwondolea ukali: mwanafunzi mmoja alipoimba zaburi kwa sauti akiwa chooni, Monika alimkemea vikali, kwa kuwa mahali pale hapakufaa wimbo ule.

Usiku wa Pasaka mwaka 387 Ambrosi alimbatiza Augustino pamoja na Adeodatus. Kazi ya Monika ilikuwa imekwisha, naye alijua. Wakaanza safari ya kurudi Afrika, wakafika Ostia, bandari ya Roma kwenye mto Tiber, wakapumzika huku wakingoja safari ya bahari. Siku moja mama na mwana walisimama dirishani penye kuangalia bustani ya ndani, wakazungumza wawili tu juu ya uzima wa milele, wakasahau yaliyopita, na kwa kitambo kidogo wakaona kana kwamba mioyo yao imeugusa. Kisha Monika akasema ya kuwa hajui anakaa kwa nini tena duniani, maana jambo moja alilotaka kuliona limetimia, tena kupita alivyoomba.

Yapata siku tano baadaye alishikwa na homa. Siku moja alizimia, na wanawe wakamkimbilia. Alipozinduka aliuliza alikuwa wapi. Kisha, alipowaona wamehuzunika, akawaambia ya kuwa watamzika mama yao hapo. Augustino alinyamaza akizuia machozi. Navigius akasema ingefaa afie kwao, si ugenini. Na nani kati yetu asingesema vile? Tena Monika mwenyewe alikuwa amelitaka jambo hili miaka mingi, amejiwekea kaburi kando ya Patricius, ili watu waseme ya kuwa, baada ya safari ya ng'ambo, udongo umewakutanisha tena mume na mke. Lakini sasa alimtazama Navigius kwa uso wa kumkemea, akawaambia wote wawili wauzike mwili ule mahali popote, wala usiwasumbue. Aliwaomba jambo moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana, popote watakapokuwa. Hata kabla ya siku zile, rafiki za Augustino walipomwuliza hapo Ostia kama haogopi kuuacha mwili wake mbali hivyo na mji wake, aliwajibu ya kuwa hakuna palipo mbali na Mungu, wala hana hofu kwamba siku ya mwisho Mungu atasahau mahali pa kumfufulia. Siku ya tisa ya ugonjwa wake alikufa, katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Augustino alimfumba macho. Adeodatus, kijana wa miaka kama kumi na mitano, akalia kwa sauti kuu, wakamnyamazisha. Rafiki yao Evodius akatwaa zaburi, akaanza kuimba, na nyumba yote ikaitikia. Augustino hakulia wakati wa maziko, wala wakati wa sala kando ya kaburi. Aliona si haki kumlilia kama asiye na tumaini. Akaenda kuoga, akitumaini ya kuwa maji yatamwondolea huzuni, nayo haikuondoka. Akalala. Alipoamka, peke yake kitandani, alianza kumkumbuka mama yake jinsi alivyokuwa pamoja naye, mpole na mtiifu kwa Mungu. Ndipo akayaachilia machozi yatiririke kadiri yalivyotaka. Baadaye, alipoandika, alisema ya kuwa mtu akimwona amekosa kwa kumlilia kwa sehemu ya saa moja mama aliyemlilia yeye miaka mingi, asimcheke, bali amwombee.

Miaka kumi na zaidi ikapita. Adeodatus naye alikuwa amekufa, angali kijana. Augustino alipofika mwisho wa sehemu ile ya kitabu chake, alitimiza lile ombi la Ostia. Aliwasihi wote watakaosoma wawakumbuke wazazi wake altareni. Na hapo akaandika jina la Monika pamoja na la Patricius. Katika kitabu kizima jina la mama yake laonekana mara hiyo moja tu. Mahali pengine pote ni mama. Alilihifadhi jina mpaka mahali lilipohitajika, ili watu wasiomjua wamwombee.

Kaburi nalo halikupotea. Mtu mkubwa wa Roma aitwaye Bassus aliliwekea jiwe lenye mashairi ya kumsifu mama wa Augustino. Mwaka 1430 mifupa yake ilihamishwa kupelekwa Roma, katika kanisa ambalo leo laitwa kwa jina la mwanawe. Mwaka 1945, huko Ostia, vijana waliokuwa wakichimba shimo la kusimika nguzo ya mchezo walikuta kipande cha jiwe lenye maandishi. Mashairi yale yalikuwa yamehifadhiwa vitabuni, kwa hiyo wataalamu wakalitambua: lilikuwa ni jiwe la Bassus. Nalo lile kaburi la Thagaste, kando ya Patricius, halikumpokea.

Basi turudi kwenye yale mambo mawili. Juu ya mahali pa kuzikwa, Monika alijibu mwenyewe, wala jibu lake halidharau udongo wa kwao. Aliupenda, akajichagulia nafasi ndani yake, kisha akauachilia alipoona ya kuwa wanawe watakuwa wakibeba mzigo usio wa lazima. Mama huyu, aliyekiacha kikapu cha makaburini kwa neno moja la bawabu, aliliacha na kaburi lake mwenyewe. Juu ya yanenwayo, mwanawe alijibu. Hakumfanya mama yake malaika. Alitaja divai, akataja hofu ya masomo, akataja ndoa iliyopangwa vibaya. Na kwa kuwa alisema kweli katika hayo, twamsadiki asemapo ya kuwa hakujua jinsi ya kueleza kiasi cha upendo aliokuwa nao kwake.

Wako miongoni mwetu walio na mama na bibi wangali hai, waketio mlangoni jioni. Na waulizwe sasa habari za utoto wao, walezi wao, safari zao, hata makosa yao, na majibu yaandikwe kwa wino katika daftari, pamoja na majina. Kazi hiyo yataka mtu wa kuketi karibu na kusikiliza, na mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya.